SOMO: Kuziona sehemu za seli ya kitunguu kwa hadubini (soma kabla ya kuuliza "hili duara jeusi ni nini?")

Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Pasua kitunguu maji, toa gamba moja nene.
2. Upande uliobonyea bandua ngozi nyembamba kwa kibano. Nusu sentimita inatosha.
3. Itandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi. Ikijikunja, inyooshe kwa sindano.
4. Tone moja la iodini, subiri dakika 2.
5. Kifuniko (kile kioo chembamba cha kufunikia slaidi). Hapa ndipo kazi inapoharibika. Usikidondoshe! Gusisha ukingo mmoja kwenye maji, kiinamishe kama nyuzi 45, ukilaze polepole kwa sindano ili maji yaifukuze hewa upande wa pili. Ukikiachia ghafla hewa inanaswa, na kiputo cha hewa ni duara safi lenye ukingo mweusi mzito. HICHO SI KIINI. Kiini ni kidogo, kimo ndani ya seli, rangi yake manjano-kahawia. Maji yakizidi, yanyonye pembeni kwa karatasi. Ukibonyeza kwa kidole unaziponda seli.
6. Lenzi ya kukuza mara 4, kisha 10, kisha 40. Kwenye 40 zungusha skrubu ndogo tu, la sivyo lenzi itapasua kifuniko.

Mistari kama ya matofali ni kuta za seli, za selulosi, zinazoipa seli umbo. Peupe pakubwa katikati ni vakuoli, yaani mfuko wa maji wa seli. Imejaa utomvu, ndiyo maana kiini kimebanwa pembeni pamoja na saitoplazimu (ute wa seli).

MASWALI

Tumbili_Mweupe: Naona duara jeusi kubwa, ndiyo kiini?
Jibu: Hatua ya 5.
Tumbili_Mweupe: Nimesoma yote bwana.
Jibu: Lina ukingo mweusi? Ni hewa. Rudia kifuniko.

Nyota7: Kloroplasti sizioni kabisa.
Jibu: Hazimo. Hizo ni chembe za kijani za kutengenezea chakula kwa mwanga. Magamba ya kitunguu hukaa gizani udongoni, hayatengenezi chakula. Tafuta jani jembamba la mmea wa majini, na usitie iodini.

Kisiki: Utando wa seli nitauonaje, maana umegandamana na ukuta?
Jibu: Swali zuri. Chukua kitunguu chekundu, ngozi ya zambarau ya upande wa nje wa gamba, bila iodini, kwani iodini inaiua seli. Yeyusha gramu 5 za chumvi katika mililita 100 za maji. Weka tone ukingoni mwa kifuniko, livute kwa karatasi upande wa pili. Baada ya dakika chache maji yanatoka kwenye vakuoli, zambarau inajikusanya, na utando unabanduka ukutani. Mpaka wa ile rangi ndio unaokuonyesha ulipo.

Kisiki: Imekubali! Na mitokondria? Mmea hauna, sivyo?
Jibu: Unazo. Kloroplasti hutengeneza sukari, mitokondria huivunja kupata nishati. Ila upana wake ni kama mikromita 1 au pungufu, bila rangi maalumu hutaziona.

Nyota7: Nyongeza: kwa seli za ndani ya shavu lako tumieni rangi ya methilini bluu badala ya iodini. Kijiti cha pamba kikishatumika kiingie kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisiachwe mezani.