Taifa rafiki likidai mabaharia watoro: namna ya kujibu wakati wa vita

Fungua mafaili matatu tangu siku ya kwanza: la meli, la mtu na la haki inayodaiwa. Kesi ya kujifunzia ni ya 1807, Uingereza ikipigana na Napoleon na Marekani ikiwa nje ya vita hivyo.

Meli ya kivita haipekuliwi na taifa jingine, hata rafiki. Ya biashara ikiwa bandarini, tazama kama upo mkataba wa kurudishiana watoro. Nchi hizi mbili hazikuwa nao.

Faili la mtu ndilo gumu. Mdai alete jina, meli aliyotoroka na tarehe. Jina peke yake halitoshi: Jenkin Ratford alijiandikisha kwenye Chesapeake, meli ya kivita ya Marekani, kama John Wilson, na kamanda wake, James Barron, akajibu kwamba hawajui watoro hao. Linganisha umri, kimo, makovu, mahali pa kuzaliwa. Cheti cha uraia kichunguze pia; vile vya sheria ya Marekani ya 1796 viliuzwa na kughushiwa hadi maofisa wa Uingereza wakavidharau. Kisha uliza baharia aliingiaje huko alikotoroka. William Ware, Daniel Martin na John Strachan walikuwa Wamarekani waliosema walitiwa kwa nguvu kwenye Melampus, meli ya kivita ya Uingereza.

Isome amri ya mdai neno kwa neno. Ya Admirali Berkeley wa Uingereza, ya 1 Juni, ilitaja Halifax, meli aliyotoroka Ratford, lakini si Melampus. Hata hivyo 22 Juni Leopard, meli ya kivita ya Uingereza, iliipiga Chesapeake mizinga, ikaua watu 3 na kuwachukua hao wanne wote. Hoja kali kama hiyo kwa Marekani haipatikani kila siku.

Madison, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliidhoofisha kwa kuchanganya mafaili. London ilikuwa tayari kukana haki ya kupekua meli za kivita, naye akataka pia ukamataji kwenye meli za biashara ukome. Mjumbe wa Uingereza, George Rose, alipofika Washington 1808, akataka kwanza tangazo la Rais Jefferson la kuzifukuza meli za kivita za Uingereza liondolewe. Hakuna aliyetangulia. Suluhu ilipatikana Novemba 1811, Ware akiwa ameshafia kizuizini; wawili walirudishwa Boston Julai 1812, vita vya nchi hizo vikiwa vimeanza.

Watu wakishachukuliwa, barua ya kwanza iombe jambo moja tu: watu wasihukumiwe hadi mazungumzo yaishe. Nakala ipelekwe moja kwa moja kwa admirali anayewashikilia, isingoje kuvuka Atlantiki. Ratford alinyongwa katika mji wa Halifax, Kanada, 31 Agosti 1807, siku 70 baada ya kukamatwa.