Usianze na kuba: namna ya kudizaini jengo la Kiislamu la leo lisilopoteza asili

Watu wengi wakipewa kazi ya msikiti cha kwanza kuchora ni kuba na minara, afu chini yake boksi la zege, vioo na viyoyozi kila kona, wanasema hii ndo asili yetu. Hapana jamani. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina mwanzo ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake, kuba na mnara vilikuja baadaye. Kwa hiyo asili itafute kwenye kazi, kila kitu cha zamani jiulize kilikuwa kinafanya nini pale.

Anza na kibla. Kiwanja mara nyingi kinapishana nayo, wengi wanalazimisha tu na safu zinakaa mshazari ukumbini. Angalia Marina Tabassum, mbunifu majengo wa Bangladesh, alivyofanya msikiti wa Bait Ur Rouf, Dhaka, uliokamilika 2012, kiwanja kimepishana na kibla kwa nyuzi 13, akaweka duara ndani ya mraba halafu akauzungusha ukumbi wa swala humo ndani mpaka ukaelekea kibla, na nafasi zilizobaki pembeni zikawa za kuingiza mwanga na hewa. Hauna kuba wala mnara, ni matofali ya kuchoma yaliyoachiwa matundu, na matofali ndo yaliyojenga misikiti ya masultani wa Bengal. Ulipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo 2016 na kwangu ni mfano bora kabisa wa zama hizi.

Mashrabiya nayo, ile kimiani ya mbao ya madirishani, inakata jua, inapitisha upepo na inamficha aliye ndani huku yeye anaona nje. Ukiikata kwa kompyuta kwenye aluminiamu ukaibandika juu ya kioo kisichofunguka umebaki na urembo tu. Majengo ya Al Bahar, Abu Dhabi, yana vivuli vya nje vinavyofunguka na kujifunga kufuata jua, sura mpya kabisa ila kazi ileile.

Ua wa ndani usikubali ufutwe eti unakula eneo, ndo unaoleta mwanga bila kufungua faragha barabarani.

Kwenye vifaa tafuta mafundi kwanza. Hassan Fathy, mbunifu majengo wa Misri, alipojenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor miaka ya 1940 alileta mafundi wa Kinubi waliojua kuinua paa la tao kwa matofali ya udongo bila mbao za kuegemeza, ufundi wa hali ya juu, lakini wanakijiji wengi waligoma kuhamia. Kwa hiyo kabla ramani haijapitishwa kaa na watakaoswali humo, wazee, vijana na akina mama pia, waulize wataingilia wapi, watatawadhia wapi, viatu wataacha wapi, afu ndo urudi kuchora.