Kupima utazamaji wa televisheni na athari zake: sahihisha saa kwanza

Swali ambalo madodoso mengi huanza nalo ni hili: "Kwa kawaida unatazama televisheni saa ngapi kwa siku?" Ni rahisi kuliuliza, na ndilo linaloharibu tafiti nyingi kuliko jingine lolote. Hakuna anayehesabu saa zake za televisheni kama anavyohesabu fedha zake. Mhojiwa hukisia, na makisio yake huegemea chochote kilicho mbele yake, hata majibu uliyomchapishia wewe mwenyewe.

Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake walilionyesha hilo nchini Ujerumani kwa swali moja lenye ngazi mbili tofauti za majibu. Kundi la kwanza lilichagua kuanzia "hadi nusu saa" mpaka "zaidi ya saa mbili na nusu". Kundi la pili lilichagua kuanzia "hadi saa mbili na nusu" mpaka "zaidi ya saa nne na nusu". Katika kundi la kwanza, asilimia 16.2 walisema wanatazama zaidi ya saa mbili na nusu kwa siku. Katika la pili, asilimia 37.5. Mhojiwa hudhani kisanduku cha katikati ndicho cha mtu wa kawaida, akajiweka karibu na hapo. Mtafiti anayevuna takwimu za namna hii anavuna visanduku vyake mwenyewe.

Kwa hiyo acha nafasi wazi ya kuandika dakika, na uulize habari za jana. Mpitishe mhojiwa siku nzima kipande kwa kipande: tangu alipoamka hadi alipotoka, mchana, jioni, baada ya chakula cha usiku hadi alipolala. Kila kipande ulizia ilianza lini na ikaisha lini, kisha fanya hesabu wewe. Wagawanye wahojiwa sawasawa katika siku zote saba. Ukihoji Jumanne hadi Ijumaa pekee, umepima Jumatatu hadi Alhamisi, na wikendi yote imekuponyoka.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na usipoutegua mapema utaukuta kwenye data wakati hakuna wa kumuuliza tena. "Saa mbili" ni muda wa dakika 120, na pia ni wakati wa taarifa ya habari ya usiku. Mhojiwa akijibu "saa mbili", hujui kama ametaja muda au wakati. Tena mmoja ataandika 2:00 usiku kwa kufuata saa ya Kiswahili, mwingine ataandika 20:00 kama simu yake inavyoonyesha, na wa tatu 8:00. Chapa nyakati zote mbili kwenye kila mstari wa fomu, mfano "saa 2:00 usiku / 20:00", na muda wote uandikwe kwa dakika.

Shajara ya siku saba

Kumbukumbu ya jana inatosha kwa wastani wa kundi kubwa. Ukitaka kumjua kila mshiriki, mpe shajara ya siku saba, kwa sababu siku moja haimwakilishi mtu. Siku nzima ina robo saa 96. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku ni mistari 72, na utazamaji wa usiku wa manane unaweza kupewa nafasi moja chini ya ukurasa. Safu tano zinatosha: televisheni imewashwa au la, ninatazama au la, kipindi gani, niko na nani, ninafanya nini kingine.

Safu mbili za kwanza zisiunganishwe kamwe. Televisheni inaweza kuwaka sebuleni huku watu wote wa nyumba wako jikoni. Eleza juu ya kila ukurasa maana ya kutazama, kwa sentensi moja ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataielewa: "Tia alama ikiwa ulikuwa ukiangalia skrini kwa dakika 8 au zaidi ndani ya robo saa hiyo." Tunapendekeza 8 kwa sababu ni zaidi kidogo ya nusu. Robo saa zinazohesabiwa bure na zile zinazoachwa hukaribia kufutana. Amua pia kama klipu na tamthilia zinazotazamwa kwenye simu zimo. Uamuzi wowote unafaa mradi umeandikwa.

Shajara huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujazwa yote jioni ya siku ya saba. Utaitambua kwa kalamu moja, mwandiko usiobadilika, na siku zinazofanana kama pacha. Dawa ni kuomba picha ya ukurasa kila usiku. Ukurasa usiofika kufikia asubuhi mtumie mshiriki ujumbe siku hiyohiyo. Ya pili ni uchovu: siku ya kwanza watu huandika kila kitu, siku ya sita huruka. Waanzishe washiriki siku tofauti za wiki ili uchovu usiangukie Jumapili ya kila mtu, kisha linganisha wastani wa siku ya kwanza na wa siku ya saba kabla ya uchambuzi wowote.

Je, shajara inaaminika? Robert Bechtel na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1972, waliweka kamera majumbani na kukuta watu wakiripoti utazamaji mwingi kuliko ulioonekana. Lakini Daniel Anderson na wenzake, mwaka 1985, walilinganisha kamera na shajara ambazo wazazi waliwajazia watoto wa miaka mitano, na vipimo hivyo viwili vikakubaliana vizuri sana. Tofauti kubwa huletwa na maelekezo. Tenga dakika 20 za kujaza ukurasa wa mfano pamoja na kila mshiriki.

Kutoka saa hadi athari

Chagua athari moja na aina moja ya maudhui. "Televisheni na tabia" si swali la utafiti. "Vipindi vya uhalifu na hofu ya kutembea usiku" ni swali. Maswali ya hofu yatangulie na ya utazamaji yafuate, na jalada la dodoso lisiandikwe "Athari za Televisheni", kwa maana mhojiwa akishajua unachotafuta atakusaidia kukipata. Fomu ya ridhaa iseme ukweli kwa ujumla wake, kwamba unauliza kuhusu maisha ya kila siku na matumizi ya muda, kisha maelezo kamili yatolewe mwishoni. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi haitoshi. Naye aulizwe kama yuko tayari.

George Gerbner na wenzake nchini Marekani walidai kwamba watazamaji wa saa nyingi huiona dunia kuwa ya hatari kuliko wale wa saa chache. Mwaka 1980 Paul Hirsch alichambua upya data za Marekani, akadhibiti sifa kadhaa za wahojiwa kwa pamoja badala ya moja moja (yaani akalinganisha watu wanaofanana kwa sifa hizo), na sehemu kubwa ya uhusiano huo ikatoweka. Sababu inaeleweka. Mzee asiye na kazi hutazama sana kwa kuwa yuko nyumbani, na huogopa mtaa kwa sababu zake nyingine. Pima umri, jinsia, elimu, kipato, ajira na usalama wa mtaa tangu mwanzo, maana sifa usiyoipima huwezi kuidhibiti.

Ukitaka kusema "husababisha", unahitaji muundo mwingine wa utafiti: kufuatilia watu kwa miaka, kufanya jaribio, au kupima kabla na baada. Mjini Dunedin, New Zealand, watoto wapatao 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 walifuatiliwa: utazamaji wao wa miaka 5 hadi 15 ukalinganishwa na afya yao wakiwa na miaka 26. Katika utafiti wa Thomas Robinson wa mwaka 1999, shule moja kati ya mbili za California ilipangiwa kupunguza televisheni: siku 10 bila kutazama kabisa, kisha bajeti ya saa 7 kwa wiki. Uzito wa watoto wa shule hiyo, ukilinganishwa na urefu wao, uliongezeka polepole kuliko wa watoto wa shule ya pili. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba shule zilikuwa mbili tu, kwa hiyo tofauti nyingine yoyote kati yake huingia ndani ya jibu. Tannis MacBeth Williams naye aliwahi mji mmoja wa Kanada kabla mawimbi ya televisheni hayajaufikia mwaka 1973, akarudi miaka miwili baadaye, akaulinganisha na miji miwili iliyokwishakuwa nayo. Bila kipimo cha kabla, fursa kama hiyo hairudi.

Ukubwa wa sampuli upangwe kwa unyonge wa athari. Nguvu ya uhusiano hupimwa kuanzia 0 (hakuna) hadi 1 (kamili). Ukikubali asilimia 5 ya hatari ya kuona uhusiano usiokuwapo, na ukitaka asilimia 80 ya uwezekano wa kuugundua uliopo, uhusiano wa 0.3 unahitaji watu kama 85, wa 0.2 kama 194, na wa 0.1 kama 783. Athari za televisheni mara nyingi hukaa karibu na 0.1, kwa hiyo darasa moja la wanafunzi 40 halitakupa jibu, hata likijaza shajara kwa uaminifu. Kwenye uchambuzi usiwakate watu makundi mawili ya "wengi" na "wachache". Zibakize dakika zilivyo, na utoe kati (median, yaani dakika za mtu aliye katikati ya orodha ukiwapanga kutoka wa chache hadi wa nyingi) pamoja na wastani, kwa sababu wachache wanaoshinda mbele ya skrini huvuta wastani juu.