Kupima mparuzo wa ufa wa jiwe kabla hujajenga mlimani Mwanza

Hii nawaandikia mafundi, madogo wa jiolojia na sivili, na yeyote mwenye kiwanja kule juu Igogo, Mabatini au Bugando ambako nyumba zimekaa katikati ya majabali. Watu wengi wakienda kukagua kiwanja wanaangalia ukubwa wa jabali tu, wanaligonga na nyundo, likilia vizuri basi "jiwe gumu hili, haliendi popote". Granaiti yetu ngumu kweli, sikatai, ila jabali likishuka mara nyingi siyo kwamba limepondeka, limeteleza kwenye ufa, na ufa unashika kwa sababu ya matuta yaliyopo kwenye uso wake. Kwa hiyo ule uso ndo wa kupima.

Mwaka 1966 mtafiti wa mawe Patton alionyesha kwamba jiwe la juu likitaka kuteleza lazima kwanza lipande matuta, kwa hiyo pembe ya matuta inajumlishwa kwenye pembe ya kawaida ya msuguano, na uzito ukizidi sana matuta hayapandwi tena, yanakatika. Baadae mtafiti mwingine, Barton, akaleta namba ya kupimia mparuzo wa uso wa ufa inaitwa JRC, inaanzia 0 kwa uso laini mpaka 20 kwa uso unaoparuza vibaya mno, na mwaka 1977 yeye na Choubey wakatoa michoro 10 ya kulinganishia, kila mmoja una urefu wa sentimita 10 na JRC yake. Ichapishe kwa saizi yake halisi, usiangalie kwenye simu ukakuza na kupunguza.

Ukifika site kitu cha kwanza ni kujua jiwe litateleza kuelekea wapi. Mwaga maji ya chupa kwenye uso wa ufa uone yanakimbilia wapi, chora huo mstari na chaki, afu pima kwa kuufuata huo mstari. Ukipima kwa kukatisha utapata matuta mazuri ambayo hayatakusaidia chochote, na hizi nyufa zetu zinazolala sambamba na mteremko zinadanganya sana, unaweza kukuta kukatisha kuna mawimbi, kushuka chini ni laini. Piga brashi utoe vumbi na ukoga. Ukikuta udongo wa mfinyanzi umejaa ndani na ni mnene kuliko urefu wa matuta, achana na JRC kabisa, hapo udongo ndo unaamua.

Sasa chukua kitana cha kuchukulia umbo, kile chenye vijiti vyembamba vya chuma ambacho mafundi wa tailizi wanakitumia kwenye kona, kigandamize taratibu kwenye mstari wa chaki mpaka vijiti vyote viguse jiwe, kilaze kwenye karatasi, chora kwa penseli iliyochongwa. Linganisha na ile michoro 10. Rudia sehemu kadhaa za ufa huo huo, na mpe mwenzako akadirie bila kumwambia namba yako maana macho ya watu hayafanani kabisa kwenye hili.

Afu chukua rula ya alminiamu ya plasta, ya mita moja, ilaze kwenye mstari uleule, pima kina cha shimo lililozama kuliko yote chini yake. Gawanya kwa urefu wa rula, zidisha kwa 450. Shimo la milimita 12 linakupa JRC kama 5.4. Hii mimi naipenda kuliko kitana kwa sababu inaona mawimbi makubwa, na jabali lako halina urefu wa sentimita 10.

Nyundo ya Schmidt utahitaji pia, aina ya L, ile yenye springi inayodunda kwenye jiwe na kukupa namba ya mdundo. Piga mara 10 sehemu tofauti kwenye uso wa ufa ukiwa umelowa, chukua wastani wa zile 5 za juu, afu fanya hivyohivyo kwenye jiwe bichi lililokatwa likiwa kavu. Na kama una vipande viwili vya ufa vinavyokaana vizuri, viweke kwenye ubao, inua taratibu mpaka cha juu kiteleze na usome pembe, nayo pamoja na namba za nyundo inakurudisha kwenye JRC.

Tuhesabu. Tuseme nyundo kwenye ufa imekupa 40, jiwe bichi 50, na pembe ya msingi ya msuguano, yaani ya jiwe lililokatwa laini bila matuta, ni digrii 30. Pembe ya mabaki, yaani inayobaki kwenye uso uliochakaa bila kuhesabu matuta, ni (30 − 20) + 20 × 40/50, yaani 26. Nguvu ya uso wa ufa, wanaiita JCS, ukiitafuta kwa ile 40 ya nyundo na uzito wa jiwe inatoka kama megapaskali 84. Bamba la jiwe lina unene wa mita 2, limelala digrii 35, uzito wake kilonewtoni 26 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mgandamizo kwenye ufa ni megapaskali 0.0426. Pembe kamili ni 26 + JRC × logi (ya msingi wa 10) ya (84 ÷ 0.0426). Kitana kikisema JRC 8 unapata digrii 52, kipimo cha usalama (nguvu ya kushika gawanya kwa ya kuteleza, chini ya 1 jiwe linaondoka) 1.85, unalala usingizi. Uso ungekuwa wa JRC 2 ungepata digrii 32.6 na bamba lilishateleza zamani.

Ila subiri, hiyo 8 ni ya sentimita 10. Barton na Bandis walitoa njia ya kuishusha kulingana na urefu wa jiwe, kwa bamba la urefu wa mita 2 inashuka mpaka karibu 5 na JCS inashuka mpaka 41. Pembe inabaki kama 41, usalama 1.23. Jiwe lilelile, ufa uleule. Ndo maana ripoti yenye JRC ya kitana peke yake mimi siipokei.

Na hapo bado mvua. Maji yakiingia kwenye ufa huo yakasukuma kwa nguvu ya kina cha mita moja, yanaondoa kama kilopaskali 10 kwenye ule mgandamizo, na usalama unashuka mpaka 0.97, yaani bamba linaondoka. Kwa hiyo kabla ya masika chimba mtaro juu ya jabali maji yapite pembeni, na tafadhali sana fundi asizibe kwa sementi mdomo wa ufa upande wa chini eti kupendezesha ukuta, maana hapo ndo maji yanapotokea, ukiziba yanajaa ndani.