Gari Linalovuja Oili: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumruhusu Fundi Afungue Injini

Kabla ya kumpigia fundi simu, hakikisha kwanza kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Wengi wetu tunaegesha magari kwenye mchanga au udongo unaonyonya kila tone, kwa hiyo tandika boksi kavu chini ya injini usiku kucha, uweke alama ya upande wa mbele, na asubuhi uangalie doa limeangukia wapi na lina rangi gani. Oili ya injini iliyokwisha kutumika huwa ya kahawia au nyeusi na huteleza vidoleni. Ya gia boksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu ikiwa bado haijachoka. Maji ya rejeta mara nyingi yametiwa rangi ya kijani au ya waridi. Maji safi yasiyo na harufu ni ya kiyoyozi, na hayo hayana ugonjwa.

Pima pia kiwango kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika 5 hivi, kisha andika kiwango hicho pamoja na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Ukirudia baada ya siku chache utajua gari linapoteza kiasi gani, kwa kuwa katika magari mengi madogo nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 1. Usiitegemee taa nyekundu ya oili, maana taa hiyo huangalia presha wala si kiwango. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama na uzime injini hapo hapo.

Kazi kubwa zaidi ni kutafuta chanzo. Oili hufuata mteremko, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, hivyo palipolowa sana huenda pakawa mbali kabisa na inapotokea. Nimeshuhudia sampu (beseni la oili chini ya injini) ikifunguliwa, ikasafishwa na kufungwa upya, ilhali oili ilikuwa ikishuka kutoka gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, iliyokauka kwa joto na kuwa ngumu kama plastiki. Omba injini isafishwe kwa dawa ya kuondoa grisi, si kwa petroli, na koili na alteneta zifunikwe zisiingie maji; kisha liendeshe gari kwa siku moja au mbili na mkague kwa tochi kuanzia juu kwenda chini: tapeti kava, swichi ya oili, kava ya cheni, filta, sampu, nati ya kumwagia oili, na sili za krenki (mipira inayozuia oili kwenye ncha za shafti kuu ya injini) za mbele na nyuma. Mwambie fundi aangalie pia vali ya PCV, inayoiwezesha injini kupumua. Ikiziba, presha hujaa ndani na kuzisukuma sili nje, na gasketi mpya uliyoinunua nayo itavuja.

Chanzo kikijulikana, ndipo pazungumzwe bei. Gasketi ya tapeti kava ni kazi ya saa chache, lakini sili ya nyuma ya krenki hudai gia boksi ishushwe, na kwa gari la manyuo (gia za mkono) ni busara klachi ikaguliwe wakati huo huo badala ya kulipia ushushaji mara mbili.

Uendapo kununua spea, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au kwingineko, nenda na namba ya chesisi na ya injini. Kwa mfano, Toyota IST yenye kodi ya modeli NCP60 ina injini ya 2NZ-FE na NCP61 ina 1NZ-FE, ingawa kwa nje ni vigumu kuzitofautisha. Nunua filta, washa (ringi ya kuzibia) mpya ya nati ya kumwagia, na oili ya uzito (unene) ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. 1NZ-FE huchukua kama lita 3.7 filta ikibadilishwa. Kuhusu silikoni ya kuzibia viungo, mimi ni mgumu kidogo: itumike pale tu mtengenezaji alipoagiza, tena kwa mstari mwembamba, kwa sababu inayobanwa kuingia ndani inaweza kukatika na kuziba chujio la pampu ya oili. Dawa za chupa zinazodaiwa kuziba mivujo hulainisha sili kwa muda tu.

Siku ya kazi, injini iwe imepoa, gari likae juu ya stendi wala si jeki peke yake, na oili chakavu ikusanywe kwenye dumu. Baada ya kufunga, washa injini na uiache ingurume huku mkikagua kwa tochi, kisha izime na upime tena kiwango. Mabaki ya oili yaliyodondokea ekzosi yatatoa moshi kidogo. Yakiendelea kufuka baada ya safari mbili tatu, au boksi likilowa tena ndani ya wiki, rudisha gari gereji pamoja na ile karatasi ya vipimo ulivyoandika mwanzoni.