"Sensible" si "sensibel"

Kama lugha yako ya kwanza ni Kijerumani, chunga sana neno la Kiingereza "sensible". Linafanana na "sensibel" karibu herufi zote, lakini maana zimeachana kabisa. "Sensibel" ni mtu mwepesi wa kuguswa moyo. "Sensible" ni mtu mwenye busara, anayepima mambo kabla ya kutenda.

Tuseme unataka kumwambia mwalimu kuwa mwanao hulia upesi akikaripiwa, ukasema: "My son is very sensible." Mwalimu atafurahi, atakupongeza kwa malezi mema, na lile ulilotaka alijue litakuwa limempita. Ulichohitaji ni "sensitive". Hata ngozi inayowashwa na sabuni, au jino linaloshtuka kwa maji baridi, ni "sensitive".

Mimi napenda kipimo hiki: kabla hujatamka "sensible", jiulize kama kwa Kijerumani ungesema "vernünftig", yaani mwenye busara. Ukijibu ndiyo, sema bila wasiwasi. Ndiyo maana viatu vya kisigino kifupi, unavyoweza kutembelea kutwa bila kuumia, Waingereza huviita "sensible shoes": aliyevichagua ametumia akili.