SOMO: Buti ya ngozi isiingize maji na ikae miaka (kutoka mlimani Moshi)

Wakuu habarini za asubuhi. Hili somo vijana wangu wamekuwa wakiniomba moja moja pembeni, nikaona bora niliandike hapa kila mtu alikute. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro, nilianza kama mgumu, yani mbeba mizigo kwa wale msiojua lugha yetu ya Moshi, na kilichonitesa miaka ile sio mzigo wa kilo 20, ni miguu iliyolowa.

Fikiria unaanza geti la Machame mita 1,800 hivi, msitu mzima mvua na tope, jioni unafika kambi buti imeshakunywa maji. Siku chache mbele uko kambi ya Barafu juu ya mita 4,600, saa sita usiku unaamshwa kwenda kilele cha Uhuru na baridi iko chini ya sifuri, sasa buti mbichi kwenye baridi ile vidole vinakufa ganzi na kuna watu wanashuka na kidole kimekuwa cheusi. Kwahiyo naomba msilichukulie hili kama somo la kung'arisha viatu.

Buti yangu ya kwanza niliitoa Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, ngozi nene safi kabisa, nilijinyima sana kuipata. Safari ya pili ikalowa, usiku nikaiweka karibu na jiko kwenye hema la kupikia ili asubuhi iwe kavu, na kweli ilikauka, ila ilikuwa ngumu kama ubao na imejivuta mguu hauingii vizuri, kesho yake ikapasuka pale pale vidole vinapokunjia. Sikulala siku ile. Toka hapo nikawa nawauliza mafundi viatu kila ninayekutana naye, na wote walinijibu kwamba mvua haiui buti, inauawa na moto.

Sababu yake ni hii, ngozi ni nyuzi nyuzi zimeshikana na katikati yake kuna mafuta yanayofanya ziteleze zikikunjwa. Maji yakitoka kwa kasi yanaondoka na yale mafuta, nyuzi zinagandamana na kusinyaa, basi ukikunja inakatika. Ikikauka taratibu haina shida.

Haya twende.

HATUA YA 1: Jua una ngozi gani
Ngozi laini inayong'aa kidogo inapokea nta vizuri. Ile yenye vinyweleo kama mahameli (swedi) ukiipaka nta inakuwa nyeusi na vinyweleo vinalala moja kwa moja, hairudi. Ya swedi tafuta spreyi yake ya kuzuia maji, na kuisafisha ni brashi kavu. Kama buti ina kitambaa cha ndani cha kuzuia maji, kama zile zilizoandikwa Gore-Tex, bado ngozi ya nje inahitaji matunzo ila paka kidogo sana, mafuta mengi yanaziba na mguu unalowa kwa jasho lako mwenyewe halafu unasema buti inavuja.

HATUA YA 2: Osha
Toa kamba, toa soli ya ndani, fungua ulimi mpaka mwisho. Tope likikauka litoe kwanza kwa brashi, usiliache wiki nzima maana tope linafyonza mafuta ya ngozi. Alafu maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kipande, sugua mishono na pale ngozi inapokutana na soli. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, ni kali, na kuloweka kwenye beseni hapana kabisa.

HATUA YA 3: Kausha (hapa ndo somo lenyewe)
Jaza magazeti ndani mpaka kwenye vidole. Baada ya lisaa limoja au mawili yatoe, yatakuwa yamelowa chapachapa, weka mengine. Rudia mara tatu nne. Weka kivulini penye upepo, ilaze ubavu au iegemeze ili soli nayo ipate hewa. Siku moja mpaka mbili inatosha kwa hali ya hewa ya Moshi. Usiweke juani saa saba mchana, wala jikoni, wala kwenye bomba la moshi wa gari, na juu ya mawe ya moto pia hapana, nimeona vyote. Mlimani usiku magazeti hayo hayo, na soli ya ndani lala nayo kwenye slipingi begi ikauke na joto la mwili.

HATUA YA 4: Nta
Za dukani zipo nzuri tu, ila mimi natengeneza mwenyewe. Nta ya nyuki gramu 100 (ya Tabora ukiipata ni safi, uliza tu wauza asali) na mafuta ya nyonyo gramu 200. Weka kwenye kopo, kopo liweke ndani ya sufuria yenye maji, ndo uweke jikoni. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto, nta ikishika moto ni hatari, na wala huhitaji moto mkali maana inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 mpaka 64 hivi. Koroga, epua, iache igande. Ikiwa ngumu sana yeyusha tena uongeze nyonyo, ikiwa inateleza kama mafuta ya nywele ongeza nta.

Paka buti ikiwa imekauka lakini bado ina ubichi kwa mbali sana, kwa vidole, joto la mkono linatosha kuilainisha. Anza na mishono yote, kisha zunguka kwenye soli, kisha pembeni ya ulimi pale uliposhonewa, maana maji huwa yanaanzia hapo kabla ya kupita kwenye ngozi yenyewe. Tabaka jembamba, subiri usiku mzima, futa iliyobaki kwa kitambaa, paka la pili jembamba tena. Ukipaka nene haisaidii, ngozi inalegea na buti inapoteza shepu, na mafuta yakifika kwenye gundi soli inaanza kuachia.

Kujaribu: dondoshea maji. Yakikaa kama vitone na kuteleza, tayari. Yakinywewa na ngozi ikawa nyeusi, rudia.

Mimi msimu wa masika napaka kila baada ya safari, kiangazi mara moja kwa mwezi. Na jamani hakuna nta itakayozuia maji yanayoingilia juu ukitumbukia mtoni, hapo ni kuvaa kinga ya mguu (geita, ile inayofunika mdomo wa buti mpaka juu ya kifundo) na kuangalia unapokanyaga.

MASWALI YA WADAU

Swali (Mbeya): Mkuu shukrani sana. Mimi ni bodaboda huku mvua haiishi, mwenzangu kaniambia nipake oili chafu ya pikipiki, ni kweli inazuia maji?
Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu. Maji kweli yatateleza siku mbili tatu, lakini ile oili ina uchafu wa injini, inalegeza gundi na inaozesha uzi, na inakugusa mguuni kila siku. Tafuta nta kidogo tu, robo kilo unamaliza nayo mwaka.

Swali (Arusha): Na mafuta ya kupikia je? Au Vaseline?
Jibu: Ya kupikia yanachacha, buti inanuka na panya wanaipenda. Vaseline ukikwama kabisa siku moja sio mbaya, ila inaisha haraka na inashika vumbi.

Swali (Nyahururu): Niaje bro. Me nilinunua buti ya mtumba iko poa sana juu, ngozi haina ata mkwaruzo, lakini nimevaa siku mbili soli ikaanza kumeguka kama keki. Niliuziwa feki ama?
Jibu: Pole sana kaka, sio feki. Buti nyingi za kupanda milima zina tabaka la povu la plastiki kati ya ngozi na soli ya chini, na lile povu likizeeka linaharibiwa na unyevu wa hewa hata kama buti imekaa tu kabatini, ndo maana unakuta juu mpya chini imekufa. Kabla hujanunua kunja buti kwa nguvu, alafu bonyeza lile povu kwa ukucha. Likipasuka au likitoa unga, iache hata kama ni bei ya kutupa. Kama ngozi ni nzima mpelekee fundi akushonee soli ya mpira, asigundishe tu, ashone.

Swali (dada, Toronto): Kaka huku kwetu wanamwaga chumvi barabarani kipindi cha theluji, buti zangu zina michirizi myeupe haitoki.
Jibu: Dada changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, futa kwa kitambaa, halafu pitisha kitambaa chenye maji matupu, ikauke mbali na hita, kisha nta. Fanya siku hiyo hiyo ukirudi, chumvi ikikaa inakausha ngozi. Siki hiyo hiyo inaondoa na ukungu.

Swali (Marangu): Shikamoo mkuu. Ndo naanza ugumu mwezi ujao, buti nimepewa na mgeni wa kaka yangu, ni namba moja kubwa. Nipande nayo?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Namba moja kubwa na soksi mbili nene inawezekana, kupanda haina shida sana, ila kushuka mguu utasukumwa mbele kucha zigonge. Ivae wiki mbili nyumbani kwanza, panda nayo vilima vya huko kwenu ukiwa na mzigo, kamba kaza kwenye kifundo cha mguu. Ikikuchubua usipande nayo, njoo Moshi kabla ya safari tuangalie nyingine, ninazo jozi mbili namba 42 nimezipaka jumapili.